Sindano za Kichina, vidonge au mazungumzo: maumivu yakishafika moyoni, uanzie wapi?

Kaka yangu ni fundi wa mashua, Matondoni, kisiwani Lamu. Miaka thelathini ameinamia mbao, tezo mkononi, na sasa mgongo unamdai. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku, saa ambazo si kawaida yake, akaniuliza: "Dada, zile sindano za Kichina zilizokuponya, na mimi nije nichomwe? Au nishike hivi vidonge vya hospitali?"

Sikumjibu usiku ule. Kwanza, "kuponya" ni neno kubwa kuliko yaliyonitokea mimi. Pili, wifi yangu alikuwa ameshanidokeza jambo ambalo kaka mwenyewe hakulitaja: amekata mguu barazani, Maulidi yalipita yuko ndani amelala, chakula anakionja tu, na usingizi humruka saa nane za usiku asiupate tena. Mgongo ulikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili ilikuwa moyo.

Niliitambua hali hiyo kwa sababu nimeipitia hapa Malindi. Mimi ni mshonaji. Shingo na bega la kulia viliniuma zaidi ya miaka miwili kabla sijakubali kwamba nilikuwa na sonona pia. Kwa hiyo nimekaa nikaandika kila njia ilivyo, ili kaka achague akijua anachokichagua, na wewe uliye katika hali kama yake upate pa kuanzia.

Maradhi mawili yanayolishana

Maumivu yakipita miezi mitatu madaktari huyaita sugu. Sonona wanaitambua pale mtu anapokaa wiki mbili au zaidi akiwa mzito wa moyo, au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, huku usingizi, chakula, nguvu na fikra navyo vimeharibika. Huku kwetu ni nadra kumsikia mtu akisema "nina sonona". Husema mwili hauna nguvu, kichwa kinawanga, nina mawazo. Tunakwenda hospitali na mgongo, tunarudi na dawa ya mgongo, kwa kuwa ndio tuliouleta.

Na haya mawili hulishana. Maumivu yanakata usingizi, kukosa usingizi kunauzidisha uzito wa moyo, na moyo mzito unaufanya mwili uhisi maumivu kwa ukali zaidi. Kemikali za ubongo zinazosaidia kuuweka moyo sawa, kama serotonini na noradrenalini, ndizo pia zinazoteremka kwenye uti wa mgongo kupunguza makali ya maumivu kabla hayajafika kichwani. Ndiyo maana tiba moja inaweza kugusa pande zote mbili, na ndiyo maana ukitibu upande mmoja ukauacha mwingine, ule ulioachwa huurudisha wa kwanza.

Sindano zenyewe

Neno "sindano" linatuchanganya. Mtu akisikia sindano anawaza bomba na dawa. Sindano za akupancha hazina dawa ndani. Ni nyembamba mno, karibu robo ya milimita, huchomekwa kwenye ngozi na msuli, zikaachwa kama dakika ishirini au thelathini, kisha zikatolewa. Nimeshika sindano ya kushonea tangu utotoni na bado niliingia kwa woga. Kilichonishangaza ni kwamba kuchomwa kwenyewe sikukuhisi sana. Nilichohisi ni uzito, kama mtu amekubonyeza kwa kidole gumba ndani kabisa ya nyama, na wao wanasema hiyo ndiyo dalili wanayoitafuta.

Jirani aliniambia, "Mambo ya Wachina si yetu." Mwaka 1415 twiga alitoka Malindi hii hii akapelekwa hadi kwa mfalme wa Uchina, na mwaka 2005 binti wa kisiwa cha Pate alipata ufadhili wa kwenda Nanjing kusomea tiba ya Kichina. Ugeni wa kitu haukunitia wasiwasi. Nilichotaka kujua ni kama kinafanya kazi.

Utafiti uliolikaribia swali la kaka yangu kuliko yote ni wa Uingereza. Mwaka 2013 Hugh MacPherson wa Chuo Kikuu cha York na wenzake walichapisha matokeo ya watu 755 wenye sonona. Watu 302 walipewa akupancha, 302 walipewa mazungumzo na mnasihi, 151 wakaachwa na matibabu yao ya kawaida peke yake. Vikao vilikuwa hadi 12, kimoja kwa wiki, na mgonjwa aliyekuwa akimeza vidonge aliendelea navyo. Sonona ilipimwa kwa maswali tisa ambayo jumla yake hufika alama 27. Baada ya miezi mitatu, waliochomwa sindano walikuwa wameshuka alama 2.46 zaidi ya wale wa matibabu ya kawaida, na waliozungumza na mnasihi walishuka 1.73 zaidi. Kati ya sindano na mazungumzo, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kusema hii imeishinda ile.

Karibu nusu ya watu hao walikuwa na maumivu pia. Mwaka 2014 timu hiyo ikawatazama hao peke yao, na hapo picha ikabadilika kidogo: kwa wenye sonona pamoja na maumivu, sindano ziliipunguza sonona katika miezi mitatu ya mwanzo zaidi ya mazungumzo. Pia waliona kwamba mwenye maumivu hupona sonona kwa shida zaidi kuliko asiye nayo, tiba iwe ipi.

Nililisoma hilo nikajiona. Lakini nalipima kwa haki. MacPherson mwenyewe alikuwa mtaalamu wa sindano hizi. Tena, katika utafiti ule hapakuwa na kundi lililochomwa sindano za uongo, yaani za kuigiza tu, kwa hiyo huwezi kujua ni kiasi gani kilitokana na sindano na kiasi gani kilitokana na kulala kitandani nusu saa kila wiki huku mtu mpole akikuuliza hali yako. Na alama mbili na nusu kati ya 27 ni nafuu ya kiasi tu. Mwaka 2018 wataalamu wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya tafiti 64 zenye watu 7,104 kuhusu sindano na sonona, wakasema ushahidi ni wa kiwango cha chini, na mahali pengine cha chini mno.

Upande wa maumivu ushahidi una nguvu zaidi. Mwaka huo huo wa 2018, Andrew Vickers na wenzake walijumlisha tafiti 39 zenye wagonjwa 20,827 wa shingo, mgongo, mabega, magoti na kichwa. Sindano zilishinda kutotumia sindano kwa tofauti inayoonekana, zikashinda sindano za uongo kwa tofauti ndogo, na baada ya mwaka mmoja nafuu ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 15 tu.

Mimi nazisoma tafiti hizi hivi: sindano ni tiba ya maumivu ambayo moyo nao unapata fungu lake. Kama maumivu ndiyo yaliyoleta uzito wa moyo, zina maana. Kama moyo ulikuwa mzito kabla mwili haujaanza kuuma, usianze nazo.

Kwangu, mabadiliko yalikuja kikao cha nne. Maumivu yalikuwapo bado, ila nililala hadi alfajiri mara ya kwanza kwa muda mrefu. Mambo mengine yalifuata usingizi.

Mazungumzo

Mnasihi mzuri hukusaidia kuona mawazo yanavyozunguka mahali pamoja, na kupanga upya siku zako ili maumivu yasiwe ndiyo saa yako. Zimbabwe wamelifanya hili kwa njia inayofanana sana na baraza zetu: kinamama wa makamo waliofunzwa hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Dixon Chibanda na wenzake walilijaribu benchi hilo kwa watu 573 Harare, wakachapisha mwaka 2016 kwamba waliokaa benchini walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita. Wala wale kinamama hawakuwa madaktari.

Shida ya mazungumzo kwetu ni faragha. Lamu ni mji wa kujuana. Ukionekana unaingia mlango fulani, habari inafika gatini kabla yako. Na wanaume wa rika la kaka yangu hawakulelewa kusema "nimechoka kuishi hivi" mbele ya mtu wasiyemjua, aghalabu hata mbele ya mtu wanayemjua. Kwa watu wa namna hii sindano zina fadhila moja kubwa: hulazimiki kufungua kinywa. Unakwenda na mgongo wako, unalala, unarudi. Kikao cha saba mimi nilijikuta nazungumza mwenyewe, bila kuulizwa.

Hata hivyo mazungumzo yana kitu ambacho sindano hazina: ukishajifunza, unabaki nacho. Kama uzito wako umetokana na jambo lenye jina, kama msiba, talaka, deni au mtoto aliyepotelea kwenye dawa za kulevya, sindano haitaligusa. Hapo nenda kwa mtu wa kusema naye.

Vidonge

Hapa ndipo nilipomkazania kaka. Aliniambia amepewa amitriptilini ya miligramu 25, meza kimoja usiku. Ni dawa ya zamani, ni rahisi, na inapatikana hospitali nyingi. Lakini kiasi hicho hutolewa kwa maumivu na usingizi. Kwa sonona kiasi huwa kikubwa zaidi, kwa kawaida miligramu 75 au zaidi, na hufikiwa polepole chini ya daktari. Yeye alimeza mwezi mmoja akasema "moyoni sijaona kitu". Hakuona kwa sababu hakumwambia daktari habari za moyo. Daktari alitibu alichoambiwa.

Basi kabla ya kusafiri kufuata sindano, rudi kwa daktari yule yule ukaseme na nusu ya pili. Anaweza kukupandishia, au kukubadilishia dawa nyingine ya sonona kama fluoksetini, ambayo huanzwa kwa miligramu 20 kwa siku. Zote zinataka subira, wiki mbili hadi nne au zaidi ndipo uone tofauti, na zote hazikatwi ghafla. Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo na kuleta usingizi, na kwa mzee wa kiume inaweza kuuzuia mkojo. Ikizidishwa ni hatari kwa moyo, kwa hiyo ifungiwe mbali na watoto na mbali na mtu aliyekata tamaa. Fluoksetini usiichanganye na tramadoli, dawa kali ya maumivu, bila daktari kujua, kwani zikikutana zinaweza kuzidisha serotonini mwilini hadi ikawa sumu.

Mtu wa saumu asivitupe vidonge Ramadhani ikiingia. Amitriptilini humezwa usiku, haigongani na funga. Fluoksetini ni mara moja kwa siku, na daktari anaweza kukuhamishia daku.

Na zile diklofenaki tunazonunua dukani kila wiki? Mwaka 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilisema kwa maumivu sugu ambayo hayana chanzo kingine kinachoyaeleza, mgonjwa asianzishiwe panadoli, dawa za jamii ya diklofenaki wala za jamii ya morfini, kwani ushahidi wa faida haupo na madhara yapo. Ilichopendekeza ni mazoezi, tiba ya mazungumzo, duru moja ya akupancha, na baadhi ya dawa za sonona, hata kwa asiye na sonona. Tumbo langu lingeshukuru kulijua hilo mapema.

Lakini mgongo una kesi yake. NICE hao hao, mwaka 2016, walisema akupancha isitolewe kwa maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Mwaka uliofuata chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kikaiweka akupancha miongoni mwa tiba za kuanza nazo kwa mgongo sugu. Waliozipima tafiti ndio waliotofautiana. Mimi nilikwenda na shingo, kaka anakwenda na kiuno. Siwezi kumwahidi nilichokipata.

Kuumika, kukandwa, kutembea

Kaka ameshaumikwa mara mbili na anasema anapata wepesi wa siku tatu nne. Simkatazi, ni Sunna na anaithamini. Ila tafiti za hijama kuhusu maumivu ni chache na dhaifu, na kwa sonona siwezi kuiweka sawa na vidonge. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako. Kukandwa kunapoza, hakudumu. Kusomewa sikuweki kwenye mizani hii, ni ibada. Anayesomewa na ameze dawa yake pia.

Kutembea ndiko kunakodharauliwa. Nilianza kwa dakika kumi ufukweni, asubuhi kabla jua halijawa kali, na sasa nafika nguzo ya Vasco da Gama na kurudi. Mazoezi yana ushahidi kwa maumivu na kwa sonona, na hayana nauli.

Hesabu ya safari

Hii ndiyo iliyoniamulia mengi. Sindano si jambo la mara moja. Ukienda mara mbili ukaacha, umetupa pesa. Zinataka vikao kama kumi, wiki baada ya wiki. Mimi nilizifuata Mombasa. Kutoka Malindi ni kama kilomita 120. Naondoka baada ya alfajiri, nachomwa, alasiri niko kwenye cherehani yangu. Hata hivyo nauli na chakula cha njiani vilinipita bei ya sindano zenyewe.

Kaka anatoka Matondoni mpaka mjini, boti hadi Mokowe, kisha basi la Witu, Garsen, Malindi ndipo Mombasa. Siku nzima, na kiti cha basi chini ya kiuno kinachouma. Kwenda na kurudi kila wiki kwa wiki kumi ni kuutia mgongo maradhi kwa kutafuta dawa. Kazi nayo inasimama. Fundi akikosekana siku mbili kila wiki, mashua anapewa mwingine, na mtu mwenye sonona akikosa kazi anazama zaidi.

Kwa aliye Lamu na hana pa kufikia Malindi au Mombasa, vidonge vilivyopimwa sawasawa, kutembea na mtu mmoja wa kuzungumza naye ni chaguo bora kuliko sindano za kudokoa. Hilo nalisema bila kusita. Kwa aliye Malindi mwenye nauli, ambaye maumivu ndiyo yaliyotangulia, na vidonge vinamletea madhara asiyoyaweza au ameshavitumia vya kutosha bila nafuu kamili, sindano ziongezwe juu ya alicho nacho. Nasema ziongezwe. Usiache dawa kwa sababu umeanza kuchomwa.

Ukiamua kwenda, tazama pakiti ya sindano ikifunguliwa mbele yako, na zikitolewa zitupwe. Sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kubeba homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Mwambie tabibu kama una mimba, kwani kuna sehemu za kiganja na za juu ya kifundo cha mguu ambazo huepukwa. Mwambie kama unatumia dawa ya kuyeyusha damu. Michubuko midogo na usingizi baadaye ni kawaida. Pumzi ikikukata baada ya kuchomwa begani au kifuani, nenda hospitali hapo hapo. Ni nadra sana, lakini sindano iliyozama inaweza kutoboa pafu. Kinamama wanaoona haya, ulizeni tabibu wa kike. Sehemu nyingi ziko mikononi na chini ya goti, na mimi sikuvua zaidi ya kufunua bega.

Na kuna wakati ambapo hakuna cha kulinganisha. Mguu ukilegea, haja ndogo ikikutoka bila kujua, homa au kukonda kukifuatana na maumivu, ni hospitali leo. Fikra za kujidhuru vivyo hivyo. Nilimuuliza kaka waziwazi. Alikaa kimya kwanza, kisha akasema hapana. Nikamwambia ikija, anipigie saa yoyote, au apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, haitozwi. Watu wengi walikuwa wakiogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba.

Jibu nililompa ni hili. Arudi hospitali wiki hii, wifi yangu aende naye, na aseme habari za usingizi na baraza. Ameze kiasi atakachopangiwa kwa wiki sita bila kuruka. Kila jioni atembee, hata kama ni kufika tu zinakochongwa mashua na kurudi. Kusi ikipoa, kama mgongo bado unamshika, aje akae kwangu wiki kumi. Mombasa tutakwenda pamoja kila Jumatano, na kazi za mbao Malindi hazikosekani. Alisema atafikiri. Jana mkewe alinipigia kuniambia wamekwenda hospitali na kaka amesema yote, hadi machozi yakamtoka. Chumba cha uani nimeshakifagia, na godoro nimebadilisha, lile la zamani lilikuwa limebonyea katikati.